Kuyalinda Maua ya Bustani dhidi ya Mbawakawa kwa Njia za Asili

Maua ya Unguja na Pemba hayapandwi kwa ajili ya kutazamwa peke yake. Asumini huchumwa alasiri yangali matumba, yakatungwa uzi na kuvaliwa usiku yanapofunguka. Waridi, rihani, mkadi na langilangi hukutana ndani ya kikuba, yaani kishada kidogo cha vitu vya kunukia cha kuvaliwa. Na petali za waridi hutawanywa juu ya kitanda cha maharusi. Ua la namna hiyo litakaa saa nyingi karibu na pua, shingo na nywele za mtu, na kwa sababu hiyo mwenye bustani hana nafasi ya kulinyunyizia dawa kali ya dukani leo na kulichuma kesho. Mwongozo huu unaeleza jinsi ya kuwakabili mbawakawa wanaokula maua na majani yake bila ya dawa hizo, na unaanza na jambo ambalo wengi huliruka: kazi kubwa hufanywa kwa macho na kwa kuchagua saa, na maji ya mwarobaini, ambayo kila mtu huyauliza kwanza, huja mwishoni.

Hatua ya kwanza: mjue anayekula

Mbawakawa ni mdudu mwenye jozi mbili za mabawa, ya juu magumu kama gamba na ya chini laini ya kurukia. Wapo wa aina nyingi sana, na walio wengi hawana kosa lolote bustanini. Kwa hiyo kabla ya kufanya lolote, toka na tochi mnamo saa tatu usiku, kisha toka tena alfajiri baada ya sala, utazame mimea mmoja mmoja, juu na chini ya majani na ndani ya maua yaliyofunguka. Fanya hivyo kwa siku tatu mfululizo, kwa kuwa siku moja hudanganya.

Ukikuta majani ya mwaridi yametobolewa matundu mengi baina ya mishipa, na mchana humwoni mdudu yeyote, basi mlaji ni mbawakawa wa usiku, mdogo, wa rangi ya kahawia, ambaye hutoka ardhini jua likishazama na kurudi kujifukia kabla ya kupambazuka. Ukikuta petali ndizo zilizoliwa, na mdudu mnene mwenye mgongo bapa na mara nyingi madoa ya manjano yumo ndani ya ua mchana kweupe, huyo ni mbawakawa wa maua, ndugu wa wale wanaoingia ndani ya maembe na mapapai yaliyoiva. Ukikuta kingo za majani zimekatwa kama kwa meno ya msumeno, na mdudu mwenye pua ndefu anaanguka chini na kujifanya amekufa mara unapomgusa, hapo una fukusi wa majani, na tabia yake hiyo ya kujifisha ndiyo itakayomponza, kama tutakavyoona.

Yupo wa nne ambaye anahitaji maelezo ya peke yake. Huyu ni mrefu kiasi, mwili wake laini kuliko wa wenzake, mweusi mwenye mikanda ya manjano au nyekundu mgongoni, na hupenda sana maua ya bamia na ya kunde, kisha huhamia bustani ya maua. Usimponde kwa vidole. Damu yake ina sumu inayobabua ngozi na kutoa malengelenge, na sumu hiyo hubaki mwilini mwake hata akishakufa. Mimi nilijifunza jambo hili nilipokuwa mdogo kwa kumfinya mmoja baina ya kidole gumba na cha shahada, na kwa siku nne sikuweza kushika kijiko vizuri. Usiwape kuku wadudu hawa, wala usiwatupe mahali ambapo mbuzi hula majani. Ni haki pia kutaja upande wake mwingine: mabuu ya aina nyingi za mbawakawa hawa hula mayai ya panzi yaliyofukiwa ardhini, kwa hiyo anayewaona wawili watatu kwenye bamia nje ya bustani na awaache.

Si kila tundu ni la mbawakawa. Ute unaong'aa juu ya jani ni wa konokono, na vijinyesi vyeusi vya duara chini ya jani ni vya kiwavi. Na yule mdogo wa duara, mwekundu au wa chungwa mwenye madoa meusi, ingawa naye ni mbawakawa, ni mlinzi wako, kwani yeye na mabuu yake hula vidukari. Mfundishe kila anayekusaidia kazi amtambue, kwa sababu watoto wakishaambiwa waokote wadudu, huanza na huyo kwa kuwa ndiye mzuri.

Hatua ya pili: kuokota kwa mkono, na kwa saa yake

Njia hii huonekana ya kizamani, na watu huidharau mpaka wanapoijaribu kwa wiki mbili bila ya kuacha. Siri yake ni saa. Baina ya saa kumi na moja na nusu alfajiri na saa moja asubuhi hewa ina ubaridi na umande bado upo, na mbawakawa wa maua huwa mzito, hawezi kuruka haraka. Saa nne jua likishapanda utamfukuza tu kutoka ua moja hadi jingine.

Chukua ndoo ndogo yenye maji kiasi cha vidole vinne na utie kipande cha sabuni ya mche kilichokunwa, ukoroge mpaka yatoke povu. Sabuni ina kazi yake hapa: maji matupu yana utando juu ambao mdudu huweza kuelea juu yake na kupanda ukingoni, na sabuni huuvunja utando huo, akazama. Tandaza kanga kuukuu ya rangi nyeupe au shuka chini ya mmea, shika tawi, ulitikise mara moja kwa nguvu ya ghafla. Fukusi anayejifisha ataanguka mwenyewe juu ya nguo, na wewe utamkusanya na kummimina ndooni. Ukitikisa polepole atashikilia. Kwa yule wa malengelenge tumia glavu au mfuko uliovaliwa mkononi, au umpige kijiti aangukie moja kwa moja ndani ya maji.

Kwa wale wa usiku, zungukia miwaridi saa mbili na saa tatu usiku ukiwa na tochi na ndoo ile ile. Taa ya nje inayowaka usiku kucha karibu na maua izimwe au ihamishwe, kwa sababu wengi wa mbawakawa hawa huvutwa na mwanga, na mtu aliyetundika taa juu ya mwaridi wake amewaalika. Ukitaka kuugeuza udhaifu huo kuwa mtego, weka beseni la maji ya sabuni chini ya taa iliyo mbali na maua, kwa saa mbili za mwanzo wa usiku tu. Ukiiacha mpaka asubuhi utaua nondo na wadudu wengine wasio na hatia.

Wiki ya kwanza utaokota wengi na utaona kama kazi haina mwisho. Andika idadi kila siku kwenye karatasi. Idadi ikianza kushuka wiki ya pili, endelea vivyo hivyo. Ikibaki pale pale, basi wanazaliwa ndani ya kiwanja chako mwenyewe, na hatua inayofuata ndiyo dawa.

Hatua ya tatu: ardhi na samadi

Mbawakawa wa usiku na wa maua hutaga mayai kwenye udongo laini, kwenye samadi, au kwenye miti inayooza, na mabuu yao meupe yenye kichwa cha kahawia, yaliyojikunja kama nusu duara, hukaa humo kwa wiki nyingi au miezi kabla ya kugeuka. Mvua za mwanzo za vuli na za masika zikishalainisha ardhi, wakubwa hutoka kwa pamoja, na ndiyo maana watu husema wadudu wameletwa na mvua. Kazi ya ardhini basi ifanywe kabla, yaani mwezi wa Februari kwa ajili ya masika na mwezi wa Septemba kwa ajili ya vuli.

Hapa hali ya visiwa vyetu ina mambo yake. Upande wa mashariki na kusini ya Unguja, na sehemu za Pemba kama Micheweni, ardhi ni ya mawe ya matumbawe, udongo ni kidogo, na mwenye kutaka waridi hulazimika kujaza shimo au chungu kwa udongo na samadi kutoka kwingine. Mabuu husafiri ndani ya magunia hayo. Kila gunia la samadi linalofika nyumbani limwagwe juu ya turubai, litandazwe liwe jembamba kama unene wa vidole viwili, liachwe juani siku mbili huku ukiligeuza. Mabuu hayavumilii jua, na kuku wataokota yatakayobaki. Kunguru nao watakuja. Ndege huyu aliletwa Unguja katika miaka ya 1890 ili asafishe taka za mji, na tangu hapo amekula mayai na makinda ya ndege wadogo ambao ndio waliokuwa wakitusaidia kula wadudu. Akila mabuu yako siku moja, asihesabiwe kuwa amelipa deni.

Mabuu yenyewe hayalingani. Chukua buu moja uliweke juu ya kigae au ubao. Likijigeuza na kutambaa kwa mgongo, miguu ikiwa juu, hilo ni buu la mbawakawa wa maua, nalo hula vitu vilivyooza wala halidhuru mizizi iliyo hai. Tatizo lake litakuja litakapopata mabawa. Likibaki limelala ubavu au likijaribu kutembea kwa miguu, huenda ni mlaji wa mizizi, na chungu ulimolitoa kinahitaji kumwagwa chote na kuchekechwa. Mwaridi unaonyauka adhuhuri ilhali udongo wake una maji, na ukiuvuta unalegea, mara nyingi una buu la namna hii chini yake.

Lundo la mboji liwekwe ncha nyingine ya kiwanja, mbali na maua, na lipinduliwe kila baada ya wiki mbili ili lipate joto ndani. Gogo la mnazi lililoanguka lisiachwe likaoza uani: lipasuliwe na lichomwe au liondolewe. Humo huzaliana chonga, mbawakawa mwenye pembe anayetoboa kilele cha mnazi, ambaye hana shida na waridi lako lakini atamaliza minazi ya jirani, na jirani atakuwa na haki ya kulalamika. Maembe, mapapai na mafenesi yaliyoanguka yaokotwe kila siku, kwa sababu mbawakawa wa maua hula matunda yaliyoiva kupita kiasi na harufu yake humwita kutoka mbali.

Wafungulie kuku wapekue baina ya mimea kwa saa moja asubuhi, wiki mbili kabla ya mvua, ukiwa umezungushia mawe mashina machanga. Zaidi ya saa moja wataanza kuchimbua mizizi, na hasara itakuwa yako.

Hatua ya nne: kufunika

Kwa mimea michache iliyo kwenye vyungu, kufunika ni njia safi kuliko zote. Tumia kitambaa chepesi cha shela au wavu mpya usio na dawa, ukitandaze juu ya vijiti vinne ili kisiguse majani, na ukingo wake ufukiwe ardhini au ukandamizwe kwa mawe. Dhidi ya wa usiku, funika magharibi na ufunue alfajiri. Dhidi ya wa mchana, funika matumba yanapokaribia kufunguka. Kichungu cha rihani au mwaridi mchanga hutosha kufunikwa usiku kwa kawa kuukuu. Chandarua cha kulalia kilichotiwa dawa kisitumike, kwa sababu dawa iliyomo ni ile ile tunayoikimbia, nayo huua nyuki watuao juu yake, na chandarua chenyewe kina mtu anayekihitaji.

Hatua ya tano: mtego wa ndizi

Mtego huu ni wa mbawakawa wa maua tu. Wa usiku na fukusi hawauendei. Kata chupa ya maji ya lita moja na nusu katika theluthi yake ya juu, kipindue kipande cha juu kiingie ndani ya kile cha chini mithili ya mrija mpana, na upanue mdomo uwe wa upana wa sentimita tatu. Ndani tia ndizi moja iliyoiva sana iliyopondwa, maji kikombe kimoja, matone machache ya sabuni na kijiko cha siki, ambacho hupunguza nyuki kuingia. Tundika mita kumi au zaidi kutoka kwenye maua. Kosa la kawaida ni kuutundika katikati ya miwaridi, ambapo unakusanya wageni kutoka mtaa mzima na kuwapitisha mezani kwako kwanza. Umwage kila baada ya siku nne, kabla haujawa kizalia cha mbu.

Hatua ya sita: mwarobaini

Mwarobaini hauui mbawakawa papo hapo. Uchungu wake humkinaisha mlaji, na kwa wadudu wachanga huvuruga ule mpango wa kujivua gamba ili wakue. Mbawakawa mkubwa ambaye ameshamaliza kukua hupata uchungu tu. Ukimwona bado anatembea juu ya jani siku ya pili, tazama kama jani linaliwa, usitazame kama yeye yu hai.

Mbegu zina nguvu kuliko majani. Okota matunda yaliyoiva manjano, ondoa nyama yake, osha mbegu na uzianike kivulini mpaka zikauke vizuri, kisha uziweke kwenye mfuko unaopitisha hewa. Zilizoota ukungu zitupwe. Siku ya kutengeneza, menya ganda na upime gramu 50 za kiini kwa kila lita moja ya maji. Kwa bustani ya nyumbani gramu 100 na lita mbili zinatosha. Twanga kwenye kinu ambacho hakitatwangiwa chakula tena, kwa kuwa uchungu hautoki. Loweka magharibi, acha usiku kucha kwa muda usiopungua saa kumi na mbili, kisha kamua kwa kifumbu kikuukuu kilichostaafu kazi ya tui, na uchuje mara ya pili kwa kitambaa ili bomba lisizibe. Tia kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji kwa kila lita ili dawa ishike kwenye jani. Usipopata mbegu, kilo moja ya majani mabichi yaliyotwangwa na kulowekwa usiku kucha katika lita tano za maji itafaa, ingawa ni dhaifu.

Jaribu kwanza tawi moja na usubiri siku mbili uone kama majani hayaungui. Kisha nyunyizia jioni, juu na chini ya majani, kwa sababu jua huiharibu dawa hii haraka na jioni nyuki wameshakwenda. Rudia baada ya siku saba. Maji yaliyobaki hayawekwi hadi wiki ijayo. Wakati wa masika, hasa Pemba ambako mvua ni nyingi zaidi, kunyunyizia ni kupoteza mbegu; katika miezi hiyo tegemea kuokota na kufunika. Mbegu na mafuta ya mwarobaini yawekwe mbali na watoto wadogo, kwani mafuta yake yakimezwa huwadhuru.

Na hapa ndipo maua yetu yanapotaka adabu yake. Harufu ya mwarobaini inafanana na ya kitunguu kilichokaa, na hakuna bibi harusi anayetaka kikuba cha namna hiyo. Elekeza dawa kwenye majani, ukiliepuka ua lililofunguka na tumba linalokaribia. Wenye miasumini mingi wagawe bustani sehemu mbili, wiki hii wakinyunyizia upande mmoja na kuchuma upande wa pili, kisha wabadilishane. Kila ua lililoguswa lioshwe kwa maji safi, na mwenye kuuza amwambie mnunuzi.

Mambo ya kuepuka

Neno asili halina maana ya usalama. Maji ya tumbaku ni sumu kwa anayeyatengeneza na hupita kwenye ngozi, na kwa ua la kuvaliwa ni makosa kabisa. Mmea wa utupa huua samaki, kwa hiyo usitumike karibu na kisima, kijito au ufuo. Pareto, ingawa inatokana na ua, huua nyuki na yule mwekundu mwenye madoa sawasawa na inavyomwua adui. Majivu ya jikoni yakipakwa kidogo juu ya majani makavu humzuia mdudu kwa siku mbili tatu, lakini usiyarundike shinani, hasa kwenye ardhi ya matumbawe ambayo tayari ina chokaa nyingi. Majani ya waridi yatageuka manjano na mishipa kubaki kijani, na utadhani ni ugonjwa mpya.

Majimoto nao wana sifa yao. Katika miaka ya 1950 mtafiti M. J. Way alionyesha hapa Unguja jinsi sisimizi hawa wanavyoilinda minazi dhidi ya mdudu anayeangusha vidaka, na kwenye mwembe ulio pembeni ya bustani waache wafanye doria. Kwenye mwaridi unaochumwa kwa mkono kila siku, sikushauri. Wachumaji wa karafuu, ambao huumwa nao, wanajua kwa nini.

Mwisho, mlangilangi na mkilua viachwe nje ya mpango huu wote. Miti hii ni jamaa moja na mstafeli na mtopetope, na aina nyingi za jamaa hiyo huchavushwa na mbawakawa wadogo wanaoingia ndani ya ua kwa kufuata harufu. Ukiwakuta humo, kung'uta ua taratibu kabla ya kulitia kwenye kikuba, waende zao. Waliomo ndani ya ndoo ya sabuni wafukiwe shimo la kina cha mkono mmoja, mahali ambapo kuku hawapekui.